Jiko Linalojiendesha Lenyewe

Majiko ya moshi yanayokula vidonge vya mbao husifiwa kwamba yanajiendesha yenyewe, na kwenye roshani za West Bay, Doha, sifa hiyo huaminiwa kabisa, kwa kuwa mwenye jiko hajawahi kukutana na majivu yake. Kweli, jiko hujipimia joto, kujiosha haliwezi. Majivu yakijaa kwenye kikombe cha moto, vidonge haviwaki. Mafuta yakigandamana kwenye sinia, siku moja yatashika moto bila kuombwa, na huko nako ni kujiendesha. Tena unyevu wa Ghuba mwezi Agosti huvimbisha vidonge vikavunjika kuwa unga, parafujo ya kuvisukuma ikakwama. Mtasema yupo dada wa kazi, na analipwa. Haya, lakini basi jiko linaendeshwa na dada. Kwa kanuni ya 2021, Qatar hairuhusu kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15. Bwana mkubwa, roshani nayo ina jua: ngoja jioni, jiko lipoe, ushike burashi mwenyewe.