Galoni Tatu za Upepo

Mimi si mtu wa makuu, na wanaonifahamu hapa Mombasa watanishuhudia kwamba katika umri wangu wote sikupata kununua kitu kwa ajili ya kutazamwa. Lakini kila mja ana siku yake ya kughafilika, na yangu ilikuwa ile niliyonunua pikapu, Toyota Hilux yenye safu mbili za viti, kwa kijana mmoja aliyekuwa ameishusha hata paka wa mtaani, ambao kivuli cha gari wakati wa adhuhuri ni haki yao ya tangu na tangu, wakaikosa nafasi ya kupenya chini yake.

Uzuri ilikuwa nao, sikatai. Adhabu ilikuwa katika kuiendesha, kwani kila tuta niliendea kwa ubavu, gurudumu baada ya gurudumu, kwa mwendo wa kaa, na nyuma yangu madereva wa matatu wakinipigia honi na kuwataja wazazi wangu, ambao ni marehemu na hawakuhusika. Mpwa wangu, aliye fundi, aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjomba, dawa ya hii ni upepo."

Maana yake ni kuziondoa springi za chuma na kuweka mahali pake mifuko minne ya mpira mzito. Kompresa inayotumia betri ya gari hushindilia upepo ndani ya tangi, na kutoka tangini upepo hupita katika vali kwenda kwenye mifuko, ukibonyeza kitufe hiki gari liinuke, ukibonyeza kile lipige magoti kama ngamia. Si jambo geni. Cadillac waliiweka hikima hii katika Eldorado Brougham ya mwaka 1957, na wenye magari yale wengi, baada ya kuchoshwa na kuvuja, waliwarudia mafundi wao wakaomba springi za chuma. Habari hii mpwa wangu hakunipa, nami niliipata nimekwisha kulipa, kama ilivyo ada ya elimu yenye manufaa.

Kuchagua vyombo vyenyewe nilidhani ni kama kuchagua kitambaa cha kanzu. Mpwa wangu alinishauri nichukue tangi la galoni 5 na kompresa mbili. Mimi, kwa ubakhili ambao siku zile nikiuita iktisadi, nikachukua la galoni 3 na kompresa moja. Akanisihi kila mfuko uwe na mpira wake na vali yake. Nikamjibu kwamba mifuko miwili ya nyuma yaweza kushirikiana mpira mmoja, maana hata ndugu hushirikiana. Hakunijibu neno, na kunyamaza kwa fundi, msomaji wangu, ni jambo la kuogopwa kuliko bei yake.

Ushirika ule ulikuja kufasiriwa na shangazi yangu, mama wa heshima na wa mwili, alipoketi kiti cha nyuma upande wa kushoto, sufuria la pilau mapajani, tukielekea harusini Likoni. Upepo una tabia ya kukimbia mzigo: ukikandamizwa kushoto, nao umepewa njia ya kwendea kulia, huenda zake bila ya kuaga, na mfuko ulioelemewa, badala ya kukaza, ndio kwanza hulegea. Pikapu ikalala upande kama ngalawa iliyovunjika tengo. "Mwanangu," akauliza shangazi, akilizuia sufuria kwa mikono miwili, "niko garini ama niko chomboni?"

Tukafika foleni ya feri. Ilikuwa bamvua, na maji yamekupwa hasa. Kila aliyevuka Likoni wakati kama huo anajua jinsi mteremko unavyokuwa mkali. Watoto wakaizunguka pikapu, mmoja akaniomba niiinue. Nikainua. Akaomba niishushe, nikashusha. Na kwa dakika kumi mtu mzima mwenye mvi alibonyeza vitufe kama mpiga kinanda, nami siioni sindano ya kipimo ikiteremka kutoka ratili 150 kwa inchi ya mraba hadi 40. Mchezo uliishia gari likiwa chini, na papo hapo tukapungiwa mkono tuingie.

Nikabonyeza. Hapakuinuka kitu ila nyusi za shangazi. Kompresa ilikuwa ikihema, na nyuma yangu lori likihema zaidi. Nikateremka hivyo hivyo, nikitegemea rehema, na pua la pikapu likagota kwenye mlango wa chuma wa feri kwa sauti niliyoisikia menoni.

"Gari lasujudu," akasema shangazi, "na adhana bado."

Vijana sita wa mikokoteni wakaacha mizigo yao, wakashika bampa, wakahesabu moja, mbili, tatu. Sasa kompresa, baada ya kupumua kwa utulivu muda wote tuliokuwa tukitahayari, ikawa imetosheka. Nami ambaye kidole changu hakijabanduka kitufeni nikaiona pikapu ikipanda taratibu, kwa adabu kubwa, katika mikono ya watu sita waliotazamana kwa mshangao wa kuzigundua nguvu zao. Walidai ujira wa kulibeba gari zima. Nikawalipa, kwani ningewaelezaje?

Leo nina tangi la galoni 5, kompresa mbili, na kila mfuko una mpira wake. Kila Ijumaa nafungua koki ya tangi kumwaga maji, maana unyevu wa pwani hushindiliwa humo pamoja na upepo. Pikapu husimama wima hata ikipakiwa magunia upande mmoja. Shangazi, hata hivyo, feri huivuka kwa miguu, na wa miguu hawalipi.