Hatua Zilizokatiwa Tikiti

Jana asubuhi nilirudisha mbuzi. Nilimvuta kwa kamba kutoka kwangu hadi kwa mzee ninayemwita Adeer, yaani ami kwa Kisomali, nikapita mbele ya hoteli ya chai ikiwa imejaa watu, na hakuna aliyenisitiri kwa kunyamaza. "Warya, huyo ndiye mbuzi wa basi?" mmoja akauliza. Mwingine akataka kujua kama mbuzi naye alilipa nauli. Mbuzi mwenyewe, aliyekula maganda ya viazi vyangu siku tatu kama mgeni wa heshima, aligoma kila baada ya hatua kumi ili aibu ipate muda wa kuiva. Tulipofika langoni kwa Adeer, saa niliyovaa, iliyonitia katika balaa lote hili, ikatetemeka kwa furaha: hongera, umeanza siku vizuri.

Chanzo ni mashindano. Tulikuwa watu saba hapa Elwak ambao daktari ametuambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba sukari au presha yetu haitashuka kwa vidonge peke yake, miguu nayo ifanye kazi. Tukakubaliana: wiki mbili, kila mtu atembee, hatua zihesabiwe, wa kwanza apewe mbuzi tuliyemchangia. Watano walihesabu kwa simu zao mfukoni. Adeer alikuwa na kidude cha kubana kiunoni, ukubwa wa kifungo cha koti, alichotumiwa na binti yake aliye Minneapolis. Mimi nilikuwa na saa ya mkononi kutoka Eastleigh, yenye kioo cha kuwaka na taa ya kijani upande wa ngozi. Nilimwonea Adeer huruma.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa siku inaisha lini. Saa yangu hufuta hesabu saa sita usiku. Adeer akasema siku inaisha jua likizama, na kwamba kila Mwislamu anajua Alhamisi baada ya magharibi ni usiku wa Ijumaa. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwishowe tukaifuata mashine, kwa kuwa yeye alikuwa tayari kushauriwa na mashine haikuwa.

Siku ya tisa nilikuwa wa sita kati ya saba, na wa saba alikuwa amelazwa. Siku ya kumi nikarudi kutoka safari ya Nairobi. Basi liliondoka Garissa baada ya alfajiri, na lami ilipotuaga, mwili wangu ukaanza kuruka kitini kama mahindi kikaangoni. Habaswein nikatupia jicho saa yangu: hatua 9,340. Wakati huo nilikuwa nimeshuka kuonyesha kitambulisho tu, kwenye vile vizuizi ambavyo sisi watu wa kaskazini huvihesabu bila msaada wa mashine yoyote. Wajir ikasoma 17,000 na ushei. Hapo mtu mwema angeivua. Mimi nilishika chuma cha kiti cha mbele, nikaulegeza mkono, nikauacha ucheze. Kufika Kutulo nilikuwa naisaidia. Nilipoteremka Elwak, mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, nilikuwa nimetembea hatua 31,206 nikiwa nimekaa.

Sasa, kabla hujanihukumu, nisikilize kidogo, maana nimelichunguza jambo hili kwa bidii ya mshtakiwa. Ndani ya saa kuna kipande kidogo cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake kuna kitu kidogo zaidi kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba mno ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukitikisika, kile kitu huchelewa kidogo kukufuata, kama mzigo ulio juu ya carrier ya basi dereva anapofunga breki. Kule kuchelewa hubadilisha nafasi iliyo kati yake na ukuta wake, nafasi ikibadilika chaji ya umeme hubadilika, na chaji ndiyo inayosomwa: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, makumi ya mara kila sekunde. Kutoka hapo mashine hupata mawimbi, si hatua. Haijui mguu ni nini. Inachofanya ni kutafuta wimbi linalopanda na kushuka kwa mpango, mara moja hadi mbili kila sekunde, kwa sababu huo ndio mwendo wa binadamu anayetembea. Ikiliona wimbi hilo likijirudia mara kadhaa mfululizo, inasema: huyu anatembea, andika.

Na hapa ndipo nilipokaa kitako kwa mshangao. Bodi ya gari lililokaa juu ya springi zake nayo, likitikiswa, hupanda na kushuka mara moja au mbili kila sekunde. Mwendo ni uleule! Basi na mwanadamu wana mdundo mmoja. Saa yangu haikudanganya. Ilisikia kitu kinatembea, na ni kweli kilikuwa kinatembea, chenye magurudumu sita na shehena ya abiria. Kosa lake ni kunipa mimi sifa za basi.

Hoja hii niliitoa kwa ufasaha, ushindi na mbuzi vikiwa tayari kwangu, siku mpwa wa Adeer, anayesoma chuo, alipoiomba simu yangu na kufungua programu yake mbele ya wote. Ilionyesha kwamba nilianza kutembea saa kumi na moja na nusu alfajiri na sikupumzika hadi alasiri. Chini yake kulikuwa na ramani, mstari mmoja mrefu wa buluu kutoka Garissa hadi Elwak. Mimi, nisiyemaliza ngazi za benki bila kushika ukuta. Adeer aliuangalia ule mstari kwa muda, kisha akaniita kwa jina ninalomwita yeye, maana ndivyo wazee wetu wanavyomrudishia mdogo heshima yake: "Adeer, hatua zako zilikatiwa tikiti."

Mbuzi akawa wake. Na nikubali, kiuno kina ushahidi mzuri kuliko mkono. Mkono hucheza ukiongea, ukipiga makofi, ukifukuza nzi, lakini kiuno kikisogea, kwa kawaida na mwenyewe amesogea. Wajapani walipoanza kuuza kipima hatua mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kilikuwa cha kubana kiunoni. Walikiita *manpo-kei*, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Na ile elfu kumi ambayo saa yangu inanidai kila siku kama deni la duka ilianzia hapo, kwenye jina la bidhaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72, uliona kwamba waliofika kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliofika 2,700 hivi, na faida iliacha kuongezeka kwenye 7,500. Wanawake hao pia walivaa vipimo vyao nyongani. Adeer alikuwa akipata kama 7,000 kila siku, kwenda soko la mifugo na kurudi, bila kujua kwamba yuko ndani ya sayansi.

Ila hapa utani unanitoka kidogo.

Mji wetu umepewa jina la kisima. Ceel Waaq, kisima cha Waaq, jina walilomwitia Mungu watu wa huku kabla ya Uislamu. Mpaka leo maji ndiyo yanayowatembeza watu. Jumamosi niliamua kupata hatua za halali, nikachukua wilbaro na mitungi minne ya lita ishirini, nikaenda kuteka maji mwenyewe. Kilo themanini za maji, mchanga unaomeza gurudumu, jua la saa tano. Nilifika nyumbani miguu ikitetemeka. Saa ikasema hatua 38.

Sababu ni nyepesi. Aliyeshika mipini ya wilbaro mikono yake imetulia. Kwa mashine iliyo mkononi, yule ni mtu aliyelala. Jioni ileile mke wangu aliivaa akiwa amekaa kwenye mkeka, akitikisa kibuyu cha maziwa ili siagi ijitenge. Hatua 2,600, na fataki kwenye kioo. "Basi mimi nimeshatembea," akasema. "Nenda wewe ukaoshe vyombo."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Msichana wa jirani husukuma wilbaro ile safari nne kwa siku, na kwa mashine hii hajaondoka nyumbani. Kuna bima za afya, Afrika Kusini kwa mfano, zinazowapa wanachama zawadi kwa hatua zilizohesabiwa. Hesabu hiyo ingempa zawadi nani hapa kwetu? Mimi na basi langu. Aliyeunda saa hii alimfikiria mtu anayetembea mikono mitupu, ikining'inia kwa raha. Elwak anayetembea mikono mitupu ni yule aliyeambiwa na daktari. Wengine wote wamebeba kitu.

Mengine yaliyonipata ni madogo. Saa iliachwa mara mbili kwenye mabomba ya msikiti wakati wa kutawadha. Chaji iliisha siku ambayo umeme pia ulikuwa umepumzika. Jioni moja ya kafyu saa hiyo iliniambia zimebaki hatua 900, toka nje unyooshe miguu. Rukuu na sujudu haikuzihesabu hata moja, na afadhali, zile zina mwandishi wake.

Adeer naye hakusalimika. Macawis, yaani kikoi chetu, haina mkanda, hukunjwa tu kiunoni, na kidude chake kilidondoka sokoni kikapatikana kwenye zizi la mtu mwingine. Baadaye kilifuliwa.

Basi, ukiniuliza ununue kipi, nitakujibu kama mtu aliyelipia jibu kwa mbuzi mzima. Ukiwa na moyo mbovu na daktari anataka mapigo yake, vaa cha mkononi, kile cha kiunoni hakina ile taa ya kijani inayosoma damu ikipita. Kama shida yako ni miguu, nunua cha kubana, kisha mwambie fundi akushonee mfuko mdogo ndani ya macawis, wenye kifungo. Betri yake ndogo hukaa miezi, na wilbaro haikidanganyi.

Na chochote utakachonunua, ukipanda basi, kivue.