Mjomba Bisibisi Anajibu: Tanuri la Mama Mkwe

*Mjomba, shikamoo. Gari yangu imetoka Japani, AC yake imegawanyika: kulia dereva, kushoto abiria. Juzi nilimpakia mama mkwe mjini Tanga kumrudisha Moa. Kwangu baridi ya kugandisha samaki, kwake joto la tanuri. Tulipoiacha lami ya Horohoro, mtandio wake ulikuwa chepechepe. Aliposhuka akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu nikapanda basi." Gereji wamejaza gesi mara tatu. Nimeanza kufungua dashibodi mwenyewe, nishike wapi?*
*Mkwe Mashakani, Moa*

Marahaba. Gesi mara tatu! Kuna mafundi ambao AC ikikohoa tu, dawa ni gesi, kama enzi zile kila homa ilipoitwa malaria. Gesi ikipungua, baridi hupungua, haigeuki tanuri. Joto hilo ni la hita, la maji ya moto ya injini yanayopita nyuma ya dashibodi. Kati ya hita na baridi pana kilango cha plastiki kinachosukumwa na mota ya kuenea kiganjani, na upande wa abiria una yake. Gia zake nazo ni za plastiki. Jino likivunjika, kilango hukwama kilipo. Ukiwasha gari utasikia tak-tak-tak, kama mtu anabangua korosho humo ndani.

Zima gari, toa temino hasi ya betri, ukanywe chai kwanza. Ukirudi, ng'oa droo la kushoto. Waya za njano usiziguse: ni za mfuko wa hewa, na ukifumuka usoni mwako utamsahau mama mkwe. Mota imeshikwa na skrubu mbili tatu na plagi moja. Ikague plagi hiyo kabla hujalaumu gia. Hewa ya chumvi ya Moa huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, na pengine ugonjwa wote ni huo.

Ukishaitoa mota, sukuma kilango kwa kidole. Kikienda laini, mbaya ni mota. Kikigoma, mota umeisingizia. Kabla ya kuipasua, piga picha gia zilivyokaa. Na gundi uiache dukani: jino la gundi halifiki Horohoro. Tafuta mota nyingine, hata ya mtumba kule Gerezani, Dar es Salaam, mradi namba ya mgongoni ifanane. Ukishafunga, rudisha betri, washa swichi, usiguse kitu kwa dakika moja. Vilango vitajipima vyenyewe.

*Mjomba, mume wangu ana siku ya tisa ndani ya dashibodi. Skrubu kazitia kwenye kibakuli changu cha achari. Jana mtoto kauliza kama baba anahamia garini.*
*Mke wa Fundi wa Ghafla, Moa*

Moa si Dar es Salaam, mwanangu. Nyumba hii naijua. Mpe kibakuli kingine, na karatasi aandike kila skrubu imetoka wapi. Zikibaki mbili mwishoni, usipande.

*Mwanangu Bisibisi, nasikia mkwe wangu anatengeneza lile joto. Siku ile nilisema neno la basi kwa sababu jasho liliniharibia wanja. Lakini usiku ule magoti hayakuniuma kabisa, na kusi huku linanitesa. Namwambiaje aache bila ya kujiaibisha?*
*Bibi wa Magoti, Moa*

Shikamoo, Bibi. Mwache amalize, joto la kilango kilichokwama halina kipimo, leo magoti, kesho wanja. Akishamaliza, kitufe cha kushoto ni chako. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizi hizi zetu: weka 28, yeye na ajigandishe kwa 18 yake. Wenye Packard za mwaka 1940, gari za kwanza kuuzwa zikiwa na AC ya kiwandani, hawakuwa na raha hiyo. Kuizima kabisa, ilibidi mtu asimame njiani, afungue boneti, achomoe mkanda.

Ila kuna kitufe kingine, Bibi, kinacholazimisha pande zote mbili zifuate joto la dereva. Ukiona kidole cha mkwe kinakielekea, mwambie akushushe, utapanda basi.