Kipimo cha Mkojo Siku ya Idi

Baba mkwe wangu hakubali kuchinjiwa. Kila Idi ya Kuchinja, akitoka kuswali, hupita moja kwa moja uani alikofungwa mbuzi. Mwaka huo alipita na kanzu mpya mwilini, nyeupe pe, aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Maskati. Mama mkwe akamsihi avue. Akajibiwa kwamba mwenye nyumba alianza kuchinja kabla watu wengine hawajaolewa. Mbuzi akarusha teke, kisu kikateleza kidogo, na damu ikamruka mzee kuanzia gotini hadi kifuani.

Mama mkwe ana imani zake, na mojawapo ni kwamba hakuna doa linaloshindana na maji ya moto. Birika la chai lilikuwa linatokota. Nikaambiwa niushike upindo wa kanzu juu ya karai, naye akamimina bila huruma. Kwa hiyo niliona kwa karibu: damu iliyokuwa bado mbichi, nyekundu, ikafifia, ikageuka kahawia palepale, na pembeni pakatoka vijichembe vyeupe vyeupe vikaelea. Mama akasugua. Sabuni ikatoa povu jingi, doa likabaki pale pale. Akaagiza birika la pili.

Hapo ndipo Shangazi alipobisha hodi. Huyu ni dada wa baba mkwe, mtu wa maabara aliyestaafu, na kati yake na wifi yake kuna vita baridi vilivyoanza mimi sijazaliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako ndani ya karai.

"Wifi, umeipika."

"Nimeifua."

"Umeipika. Hiyo hapo imeiva."

Akavuta kigoda, akaanza darasa ambalo hakuna aliyeliomba. Katika ule umajimaji wa damu, alisema, protini inayoongoza kwa wingi ni albumini; peke yake inazidi nusu ya protini zote zilizomo. Ini ndilo linaloitengeneza, na kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yasivuje nje ya mishipa. Ikipungua sana, miguu huvimba. Maadamu iko mbichi huyeyuka kwenye maji ya baridi bila ubishi. Lakini ikishapata joto la nyuzi 60 na kitu, inafumuka, inanasana yenyewe kwa yenyewe na nyuzi za kitambaa, na maji hayaitaki tena. Ile rangi ya damu nayo ni protini, nayo imegandia humo humo.

"Sisi zamani tulivyopima mkojo ndivyo hivi hivi," akaendelea, na baba mkwe akajikohoza, maana wageni walikuwa wameanza kuingia. "Unachemsha mkojo kwenye mrija wa kioo juu ya moto. Ukifanya ukungu, unatia tone la asidi. Ukungu ukitoweka, ni chumvichumvi tu. Ukibaki, ni protini hiyo, figo zinavujisha. Sasa wifi yangu ameipima kanzu ya kaka, na majibu yametoka."

Mama hakucheka. Wala hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu jikoni kulisikika *shaaa*, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikatufikia uani. Sote tulikuwa kwenye karai, hakuna aliyekumbuka sufuria. Maziwa nayo yana albumini yake; yakipata moto, hiyo hukamatana na mafuta na protini nyingine ikafanya utando juu, mvuke unazibiwa njia, na utando unapoinuliwa kila kitu kinamwagikia jiko. Shangazi alitaka kulieleza hilo pia. Nikampa kitambaa cha kufutia.

Wifi yangu mdogo ndiye aliyebaki jikoni, lakini yeye alikuwa na msiba wake. Alikuwa anapiga ute wa mayai kwa ajili ya keki, na mkono umemchoka, na bakuli bado lina uji. Shangazi akachungulia, akaonyesha uzi mwembamba wa kiini. Ute wa yai ni maji, karibu asilimia 90, na kinachobaki karibu chote ni protini, nyingi yake albumini ya yai. Ukiupiga, protini hufumuka na kuizunguka hewa, povu likasimama. Kiini kina mafuta, na mafuta yanaiharibu kazi hiyo. Mayai mengine yakaagizwa dukani, mtoto akarudi na matatu, moja limepasuka.

Kanzu iliokolewa na mishkaki. Papai bichi lilikuwa tayari limekunwa la kulainishia nyama, na Shangazi akaliteka lote. Utomvu wake una papaini, ambayo hukatakata protini vipande vidogo. Enzi za ukoloni Tanganyika iliikausha na kuiuza nje. Akalipaka papai juu ya doa, akaloweka kanzu katika maji ya vuguvugu, akaamuru mtu yeyote asisogeze birika mpaka asubuhi. Mishkaki tuliila ngumu.

Kulipokucha doa lilikuwa limebaki kivuli cha manjano ambacho hukioni mpaka uonyeshwe. Mama akaianika kanzu juani, akaikung'uta, akaikagua pindo kwa pindo.

"Mnaona?" akasema kwa sauti iliyofika chumba cha wageni. "Maji ya moto yanataka subira tu."