Gurudumu Haliji Peke Yake

Kundi letu la baiskeli lina watu wa dini zote na vyama vyote, na hatujawahi kugombana kwa hayo. Tunagombania magurudumu. Ukitamka tu kwamba unataka kubadilisha rimu, kila mmoja anageuka mhandisi, hata yule ambaye pancha zake huzibwa na mwanawe wa darasa la sita.

Kinachoniudhi ni kwamba wataalamu hawa hawana msimamo. Nilipoanza, niliambiwa tairi la mbio ni la upana wa milimita 23, lijazwe upepo hadi ukiligonga kwa ukucha lilie. Nikatii, meno yakagongana kutoka Karen hadi Kiserian. Leo walewale, bila haya, wanasema 28, hata 30, na upepo upunguzwe. Eti tairi gumu kwenye lami mbovu humrusha mtu juu badala ya kumsukuma mbele, nguvu zikaishia hewani; pana humeza mikwaruzo likaendelea na safari. Sawa, nakubali. Lakini lami mbovu haikuanza juzi! Meno yangu nimdai nani?

Halafu kuna rimu za kaboni zenye kina cha milimita 50. Kwenye tambarare, ukishashika kasi, zinapasua upepo vizuri, hilo halina ubishi. Ila sisi tunaendesha Ngong, mahali ambapo KenGen yenyewe iliona upepo unavyovuma ikasimika mitambo ya umeme. Ukikupiga ubavuni huku unateremka, gurudumu la mbele linataka kwenda kwake, na lori la magadi linapanda upande wa pili. Hapo huzikumbuki tena sekunde ulizookoa. Unawakumbuka watoto.

Na gurudumu, mithili ya bibi harusi, huja na ukoo. Rimu yenye kina kirefu inadai vali ndefu. Tyubu za madukani zina vali fupi; ukiivalisha inazama ndani ya rimu, ukichungulia tunduni unaona giza. Ukipata ndefu, bomba la upepo la kituo cha mafuta haliishiki, maana limetengenezewa vali za magari. Mwenzangu mmoja akashauri niachane na tyubu kabisa, nitie ndani ya tairi yale maziwa ya kuziba matobo. Hakusema kwamba hukauka baada ya miezi michache, wala kwamba tobo likiwa kubwa hukurukia mgongoni kabla hayajaziba chochote. Kuhusu jezi, Mama Watoto ameshatoa onyo la mwisho.

Niliingia duka moja mjini kuulizia tairi la 28. Kijana akaniletea la baiskeli ya Black Mamba, lile la inchi 28 la kubebea magunia ya makaa.

“Kijana, nataka upana. Milimita.”

“Mzee, si umesema ishirini na nane? Hii ndiyo hiyo. Na hii haitakuangusha.”

Wenzangu waliokwenda Kigali Septemba 2025, mbio za baiskeli za barabarani za ubingwa wa dunia zilipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, walirudi na simu zilizojaa picha za magurudumu. Nikauliza nani alishinda. “Pogačar,” wakasema, kisha wakaendelea kubishana kuhusu spoku. Wanataka tununue anavyotumia yeye. Yeye akipata pancha, nyuma yake kuna gari lenye fundi na baiskeli nzima juu ya paa. Mimi nikipata pancha Kisamis, nyuma yangu kuna mbuzi.

Sasa nimeambiwa tatizo si magurudumu tena, ni fremu. Yangu hupitisha 28 kwa taabu, 30 haliingii, na breki zake ni za kubana rimu, ilhali magurudumu mapya mengi yanatengenezewa breki za diski. Kwa hiyo, ili nibadilishe tairi, ninunue baiskeli. Nikaenda kuulizia. Muuzaji akaisifu moja kuanzia usukani hadi pedali, akanitajia bei iliyonifanya nitafute kiti, kisha akaniinamia kwa siri:

“Ila mzee, nikwambie ukweli. Haya magurudumu iliyokuja nayo ni mazito. Hayo ndiyo utaanza kubadilisha.”