Namna ya Kupiga Picha ya Korongo Taji Mpakani Bila Kufukuzwa Naye

Kwanza amka. Anayefika kinamasini saa nne asubuhi amekuja kupiga picha ya jua. Huku Busia, saa kumi na mbili na nusu, umande bado umelala juu ya mafunjo, na malori ya kwenda Kampala ndiyo kwanza yanaanza kunguruma kwenye foleni.

Kisha tafuta mwendeshaji wa boda boda, na umpe heshima yake, maana uko kwao: jina hilo lilizaliwa mpakani hapa, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kati ya Kenya na Uganda huku wenyewe wakiita "boda! boda!" Mweleze mapema, tena mara mbili, kwamba unakwenda kinamasini. Asipokuelewa atakufikisha kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile marais wa nchi mbili walichokizindua Februari 2018, nawe umening'iniza shingoni lenzi ndefu kama mwiko wa kusongea ugali. Hapo usipige picha hata ya njiwa. Afisa wa usalama hana haja na ndege wako.

Ujue pia uko kwenye maji gani. Mto Sio na Mto Malaba yote hutoka upande wa Mlima Elgon na yote huchora sehemu ya mpaka, lakini Sio humwaga maji yake Ziwa Viktoria, na maji ya Malaba huishia Ziwa Kyoga. Kingo za mito hii ndizo makao ya huyu tunayemzungumzia. Mwenzangu, usimtafute kwa kukanyaga matete. Kaa chini, nyamaza, ngoja.

Mimi sikumtafuta kabisa. Nilikuwa nimemlenga mdiria juu ya kijiti, nimezuia pumzi, nikasikia honi nyuma yangu. Nikadhani ni lori. Kugeuka, hatua kama kumi hivi, korongo taji amesimama ananitazama: urefu wa karibu mita moja, mashavu meupe, kidevu chekundu, na lile taji la nyuzi za dhahabu limeshika umande hadi linameremeta. Akafungua mabawa, karibu mita mbili kutoka ncha hadi ncha, akaanza kunijia. Majani nyuma yake yakatikisika. Vifaranga wawili, rangi ya nyasi kavu, walikuwa wanapita mmoja nyuma ya mwingine.

"Mkubwa, sogea! Sogea, hiyo picha itaenda mbali!" kijana wa boda akanihimiza, naye simu yake iko hewani.

Mama aliyekuwa akipalilia nduma pembeni hakuinua hata mgongo. "Mwanangu, rudi nyuma. Huyo ana watoto."

"Pole mama, sikuwaona."

"Ndiyo sasa umewaona. Rudi."

Sasa shika hili kuliko mengine yote niliyokwambia: korongo akinyanyua mabawa, rudi nyuma. Rudi polepole, uso kwake, na kamera ishuke. Usijifanye jasiri mbele ya mzazi. Hutaga kiotani juu ya maji mayai mawili au matatu, wazazi wote wawili wakaatamia kwa mwezi mmoja hivi, na kifaranga hawezi kuruka kwa wiki nyingi baada ya hapo. Ukimkimbiza mzazi kwa ajili ya picha, kifaranga hubaki peke yake, na mbwa wa kijijini hahitaji dakika tano.

Ukitaka kumpiga picha kwa raha, mfuate jioni anapotua mtini. Katika jamii kumi na tano za korongo duniani, ni hizi mbili za taji tu ambazo kidole chao cha nyuma kinaweza kushika tawi. Simama mbali, acha lenzi ifanye kazi uliyoinunulia.

Na ukirudi nyumbani usitangaze mahali. Andika "Busia" inatosha. Wapo wanaosoma jina la kinamasi wakaja na gunia, kwa kuwa mtu fulani mjini anataka korongo wa kupamba uani. Ukiuziwa kifaranga, usimnunue kwa huruma. Fedha yako itamrudisha mwuzaji kiotani. Ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tangu mwaka 2012 ndege huyu amo katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka, na kinachommaliza zaidi tunakijua: vinamasi kukaushwa, sumu, nyaya za umeme, na mikono inayowakamata. Inaniuma kwamba hatua chache ng'ambo ya mpaka amechorwa katikati ya bendera ya Uganda, mguu mmoja ameuinua, wanafunzi wanampigia saluti kila asubuhi, na huku wa kweli tunamlimia kiota.

Yule mama alikuwa ameacha ukingo wa shamba lake bila jembe, upana wa kama hatua ishirini za mafunjo. Hakuna aliyemwagiza.

Wewe mwenye shamba kando ya Sio au Malaba, fanya kama yeye. Tangu yai litagwe hadi kifaranga aruke ni miezi mitatu hadi minne. Nduma zitasubiri.