Kazi kwa Mbali, Jasho kwa Karibu

Msinisifie mimi raha ya kufanyia kazi nyumbani. Aprili 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipofunga Nairobi kwa ajili ya korona, nilikuwa nimeshafika kwetu Malili na kompyuta ya kampuni. Bosi akasema tutafanya kazi kwa mbali. Fizio wa Mzee, baba yangu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia, naye akafungiwa huko huko jijini, akasema atamtibu kwa mbali. Kila mtu akawa mbali isipokuwa mimi.

Wala Malili si pa kudharauliwa. Hapa jirani ndipo ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili zilipotengewa jiji la teknolojia la Konza, ambalo Rais Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Tukaambiwa tutakuwa Silicon Savannah. Mimi, jirani wa jiji hilo, mtandao nilikuwa nikiupata nyuma ya zizi la mbuzi, nimesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Bando nayo ni moja, wanaoigombania ni wawili. Bosi anataka kamera ielekee usoni mwangu, aone kama niko macho. Fizio anataka ielekee vidole vya Mzee. Zoezi lenyewe ni ndengu: Mzee azihamishe punje moja moja, kwa mkono ule mgonjwa, kutoka bakuli hili hadi lile. "Vizuri sana!" anasema wa Nairobi, kisha picha inaganda. Sasa, anayeziokota zilizomwagika ni nani? Anayemshika Mzee kiwiko ni nani? Mwaitu, yaani mama, naye anapita akiguna kwamba chakula chake cha jioni kinachezewa.

Siku moja mkutano ukagongana na zoezi. Mzee, nyuma yangu, akainua mkono polepole kama alivyofunzwa. Bosi akauona.

"Naona kuna mkono huko. Karibu, swali?"

Mzee, ambaye tangu augue maneno yalikuwa yakimkwama kooni, akatoa sentensi nzima, imenyooka: "Mshahara wa mwanangu mmeukata kwa nini?"

Mtandao ukapotea pale pale, na safari hiyo haukuwa wa Malili.

Sikatai, mazoezi yalifaa. Siku hizi Mzee anajishikia kikombe chake cha chai. Lakini tusidanganyane: tiba ya mbali huendeshwa na mikono ya karibu, na mikono hiyo hakuna anayeilipa. Enyi mabosi, mwenye mgonjwa nyumbani mpunguzieni mikutano. Nawe msomaji, ukiona mtu uso umempinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki, usitafute mtandao. Tafuta gari, afike hospitali upesi. Kiharusi siku ya kwanza hakitibiwi kwa simu.